Herufi Moja Iliyompa Shangazi Talaka

Mimi si Salha.

Salha aliyewaliza wiki kumi na moja mfululizo, aliyetupiwa kitanda nje na mumewe huku mbuzi wakimtazama, hayupo. Anayeandika anaitwa Mwantum. Nina miaka thelathini na nne, nakaa Nzuguni, nachapa barua na fomu za watu kwa kompyuta moja na printa inayokwama karatasi kila ikijisikia.

Mhariri wangu, Cornel, hataki msome haya. Amenipigia simu mara tatu kunisihi. Kama mnayasoma, basi ama amekubali yaishe, ama ukurasa ulibaki wazi akakosa cha kuweka. Kwangu yote sawa.

Na wewe dada wa Mpwapwa uliyemtumia Salha doti ya kanga kwa basi, kanga yako ninayo. Sijaivaa. Njoo uichukue, na ukitaka kunitukana, tukana kabisa.

Kwa aliyekuta gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nieleze kidogo. Salha alikuwa mwanamke wa Chemba. Aliolewa mdogo, akalima, akazaa watoto watatu, mume akaongeza mke wa pili, Salha akaandikiwa talaka na kufukuzwa. Alisimulia mwenyewe, "mimi" hivi, "mimi" vile. Juu ya ukurasa tuliandika KISA CHA KWELI. Chini, kwa maandishi madogo, tukaandika: Jina la msimulizi si lake halisi.

Hayo maandishi madogo ndiyo yaliyotuletea balaa.

Maana ukisema jina tu ndilo si la kweli, umesema yaliyobaki yote ni kweli.

Sasa sikilizeni. Salha ni shangazi yangu, Mwanaidi, dada wa marehemu baba. Nilikaa naye siku nne tukipukuchua mahindi, simu yangu ikirekodi pembeni, naye anajua inarekodi. Alinipa maisha yake yote. Alipomaliza akaniambia, "Haya, kaandike, ila usinifanye mjinga."

Nikamfanya mjinga.

Ukweli ni huu. Mumewe, Mzee Swalehe, alioa mke wa pili mwaka 2013. Nyumba ikawa na kelele. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, shangazi alijitwika kitanda chake cha kamba akashuka nacho kwenye shamba la bondeni. Mzee alimkuta njiani.

"Unakwenda wapi na kitanda?"

"Nahama. Ukinitaka, shamba unalijua lilipo."

Akajenga vyumba viwili vya tofali. Na Mzee Swalehe, kila Ijumaa akitoka msikitini, alishuka bondeni kula ugali wa shangazi, na mara nyingi hakupanda tena mpaka Jumapili. Hakuna talaka iliyotamkwa wala kuandikwa. Alipougua mwaka huu, aliyemwogesha ni shangazi. Mke mdogo alikuwa ameshaondoka zamani, yeye ndiye aliyedai talaka yake na akapewa.

"Mimi niliziacha kelele zake," shangazi aliniambia. "Yeye sikumwacha."

Nikaandika hivyo hivyo nikapeleka. Cornel akanipigia.

"Dada Mwantum, huyu mama wako ana raha zake."

"Anazo."

"Sasa msomaji atamlilia vipi mtu mwenye raha zake? Hebu mlize kidogo."

Nikamliza. Ilinigharimu herufi moja. Palipokuwa na "niliacha" nikaweka "niliachwa." Basi hiyo w ikaanza kuzaa. Aliyeachwa lazima awe na talaka, talaka lazima iwe na maneno, na maneno lazima yaume. Toleo la nne nikaitunga talaka yenyewe. Cornel aliniambia ofisini kwake hata mhasibu alilia.

Nilifurahi. Sifichi. Nilinunua chipsi kuku nikala peke yangu, nikajiona mwandishi.

Mzee Swalehe alifariki mwezi wa nne. Nilikwenda mazishini, nikalia, nikarudi mjini, nikaendelea kumtesa Salha kila wiki. Arobaini ilipokaribia, shangazi akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

Hakuitikia. Alinisemesha Kirangi, jambo analolifanya akiwa na hasira tu, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili nisipate pa kujificha.

"Mwantum, mume wangu nimekaa naye miaka thelathini na sita hakuniandikia talaka. Wewe umeniandikia."

"Shangazi, ile ni hadithi."

"Wanasema ni kisa cha kweli. Zaitun jirani yangu amenisomea. Kitanda changu kimo. Mbuzi wangu mwenye sikio moja yumo. Mpaka ukwaju wa mlangoni kwangu. Hadithi gani hiyo inayonijulia mbuzi?"

Nikazima printa nimsikie vizuri.

"Mudrick anayo yote kumi na moja," akasema. "Ameyaweka kwenye faili."

Mudrick ni mdogo wake marehemu. Shamba la bondeni analitaka tangu lina magugu, na sasa lina vitunguu na nyumba. Kama shangazi ni mjane, yeye na wanawe wanarithi, Mudrick hapati hata jiwe. Watoto wa shangazi wako mbali, na wawili kati yao wameshasaini karatasi za kumwachia baba mdogo wao sehemu zao bila kuzisoma. Kama shangazi ni mtalaka, anatoka bondeni na kitanda chake alichoingia nacho.

Kikao cha ukoo kilipangwa Jumamosi. Muhtasari wake ungepelekwa Mahakama ya Mwanzo Jumatatu.

Nikampigia Cornel nikamwambia nakwenda kusema mbele ya kikao kwamba nilitunga.

"Ukisema hivyo, ukurasa umekufa," akasema. "Wasomaji hawatakuamini tena hata ukiandika bei ya nyanya."

"Basi wasiniamini."

"Dada, fikiria. Umehangaika miaka mingapi kupata huu ukurasa?"

"Sita," nikasema, nikakata simu.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa uani kwa marehemu. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mwenyekiti alikuwa Mzee Idi, mkubwa wa ukoo, mtu mwenye subira na masikio mazito. Pembeni yake sheikh wa msikiti wa pale. Katibu alikuwa Hamida, mwalimu, mpwa wa marehemu, mwenye mwandiko mzuri na uso usiosema kitu. Mama yangu naye alikuja, maana shangazi ni wifi yake. Alikuwa amekaa karibu na Zaitun, amejifunga kitenge kipya.

Mudrick alisimama na faili lake. Alisoma vizuri, nakiri. Alisoma matoleo mawili na nusu kwa sauti ya huzuni, na wanawake wawili wakaanza kufuta macho kwenye mkeka, huku aliyeandikwa amekaa hapo hapo mkavu kama kuni.

"Mwenyekiti," akamalizia, "sisi hatukumsema. Amejisema mwenyewe gazetini. Imeandikwa kweli, na imeandikwa jina tu ndilo limefichwa. Mbuzi mwenye sikio moja tunamjua sote."

Sheikh akauliza taratibu, "Kama talaka ilitolewa na eda ikaisha bila kurejewa, huyu si mjane. Je, ilitolewa?"

"Haikutolewa," shangazi akasema.

"Gazeti linasema ilitolewa," akasema Mudrick.

Nikasimama.

"Shikamooni wazee. Gazeti ni mimi. Shangazi hakusema ameachwa. Nilitunga mimi, nikatia na talaka, kwa sababu nilitaka watu walie. Nimekosa, namwomba radhi mbele yenu. Sauti yake ninayo kwenye simu, anasema mwenyewe kwamba alihama."

Nikawachezea. Uani kote ikasikika, "Mimi niliziacha kelele zake, yeye sikumwacha." Mzee mmoja akacheka, akasema huyo ndiye Mwanaidi. Nikaona mambo yamekwisha. Nikataka hata kukaa.

Mudrick hakucheka.

"Mwanangu Mwantum," akasema, "wiki kumi na moja umetuambia ni kweli. Leo unatuambia ni uongo. Sasa sisi tukuamini wewe wa wiki kumi na moja, au wewe wa leo?"

Watu wakaguna. Lilikuwa swali la haki.

"Na hiyo sauti," akaendelea, "ni mwanamke anajisifu kwa mtoto wa kaka yake. Nani atamwambia mtoto kwamba amefukuzwa? Mimi nina kitu cha mwenyewe marehemu."

Akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa, iliyogeuka njano kwa ukuukuu, akampa Hamida. Alisema ameikuta kwenye sanduku la marehemu, ndani ya koti. Tarehe ilikuwa ya mwaka 2014.

Hamida akasoma.

"Mwanaidi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe limekushinda na msimu umepita. Rudi ulikotoka. Nimekuacha."

Hamida akanyanyua macho. "Jembe limemshinda Bi Mwanaidi?" akauliza. "Huyu anayelima mpaka mashamba ya watu?"

"Ni mafumbo," Mudrick akasema haraka. "Mambo ya ndani ya mke na mume. Tusiyachimbe."

Mimi sikuwa nasikiliza tena. Yale maneno yalikuwa yangu. Toleo la nne, safu ya pili, neno kwa neno, mpaka "na msimu umepita." Mtu alikuwa ameketi na gazeti langu upande mmoja na daftari upande wa pili akanakili, na hakujisumbua hata kubadilisha nukta.

"Mwenyekiti, barua hiyo ni ya kughushi," nikasema. "Maneno hayo niliyaandika mimi mwezi wa tatu mwaka huu. Angalieni toleo la nne, limo humo kwenye faili lake."

Hamida akafungua faili. Akalinganisha kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Ni yale yale," akasema.

Nikamtazama Mudrick nikidhani nimemkamata. Jamani, yule mzee ana akili. Hakutikisika hata kope.

"Naam, ni yale yale," akasema. "Hilo ndilo ninalotaka kikao kilione. Barua ni ya mwaka 2014. Gazeti ni la mwaka huu. Huyu binti ameyajuaje maneno ya kaka yangu, kama si shangazi yake aliyemwonyesha barua? Au alimwambia kwa mdomo, maana maneno kama hayo mwanamke hayasahau."

Hata sheikh aliitikia kwa kichwa, si kwa ubaya, kwa kuona hesabu inakubali.

Mzee Idi akaegemea mbele. "Mwanangu, maneno haya umeyatoa wapi?"

"Kichwani," nikasema.

"Kichwani kwako yalifikaje?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapowaambia nililowaficha nyinyi na wote wanaonijua.

Sikuyatunga. Mimi sijui kutunga ukatili wa namna ile. Nilitumiwa. Aliyenitumia ni mume wangu, Abbasi, kwa WhatsApp, miaka minne baada ya ndoa yetu na wiki mbili baada ya mimba yangu ya pili kuharibika. Jembe alilosema ni mtoto. Msimu uliopita ni umri wangu. Siku ile sikulia. Nilichapa barua za wateja mpaka jioni, nikamrudishia mtu mmoja nauli yake aliyoisahau mezani, nikaenda nyumbani nikalala na viatu.

Sikumwambia mtu. Mama yangu anajua kwamba Abbasi anachimba visima Kigoma. Kila sikukuu ya Idi nampelekea mama kilo mbili za sukari na salamu za mkwe wake, na kila Idi mama anauliza visima vya Kigoma vina kina gani visivyoisha. Watu wa kijiji wote wanamjua huyo mkwe mchapakazi. Nimekuwa mwandishi wa hadithi ya mfululizo kwa mama yangu kabla sijawa kwenu.

Kwa hiyo nilipotaka talaka ya kumliza mtu, nilichukua ya kwangu nikaibandika kwa shangazi. Nilijiambia ni ufundi. Ukweli ni kwamba nilitaka watu wanililie, ila sikutaka wajue ni mimi wanayemlilia. Nikamtanguliza mwanamke aliyenilea likizo zote, nikamvika aibu ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Na ujumbe ule sijaufuta. Nilibadilisha simu nikauhamisha. Sijui kwa nini. Labda niliona siku moja utakuwa na kazi.

"Mwanangu," Mzee Idi akarudia, "tunakusubiri."

Nikakaa chini karibu na shangazi nikafungua simu. Shangazi alitazama kioo, akasoma, taratibu, kwa midomo. Kisha akanishika mkono, ule mkono wake unaokwaruza.

"Nilijua," akaninong'oneza. "Zaitun aliponisomea lile toleo, nilisema haya si ya Swalehe, haya yamemuuma aliyeyaandika. Funga simu."

"Shangazi, watakutoa bondeni."

"Nitajitwika kitanda. Najua kukibeba."

"Una miaka sitini na moja."

"Na mama yako yuko pale," akasema.

Nikatazama. Mama alikuwa ananipa ishara ya macho niketi vizuri, nguo imepanda gotini. Alikuwa na fahari. Hakuelewa yote yaliyosemwa, lakini alielewa kwamba binti yake anazungumza mbele ya wazee na wanamsikiliza.

Basi likanipanda jambo kifuani, na halikuwa huzuni. Lilikuwa hasira. Nilijiuliza naficha nini na kwa ajili ya nani. Abbasi aliandika maneno yale akaenda zake kuoa Singida, hana aibu hata kidogo. Mudrick ameyaiba, ameyatia tarehe ya uongo, amesimama pale kwa koti lililopigwa pasi, naye hana aibu. Mwenye aibu nikawa mimi niliyeyapokea, na shangazi aliyebandikwa. Nani alipanga mambo hivyo? Mimi sikumbuki kuulizwa.

Nikasimama tena.

"Mwenyekiti, ushahidi ninao. Maneno haya yalitumwa kwenye simu, miaka kabla ya gazeti. Jina la aliyetuma lipo, tarehe ipo. Ukiyaona utajua hayakutoka kwenye koti la marehemu."

"Simu inaweza kuchezewa," akasema Mudrick, ila safari hii sauti yake ilipanda kidogo.

"Namba ya aliyetuma iko hewani," nikasema. "Mpigieni. Wekeni sauti kubwa, tumsikie wote."

Shangazi akasimama pia. Hajawahi kusimama kwenye kikao cha ukoo bila kuitwa.

"Mwenyekiti, mimi ndiye mwenye kesi, na mimi nasema isisomwe. Mtoto huyu asivuliwe nguo kwa ajili ya nyumba ya tofali."

"Aliyenivua nguo si kikao hiki," nikasema. "Isomwe."

Mzee Idi akatutazama mmoja mmoja. Akamwuliza sheikh kitu sikioni, sheikh akajibu kwa kifupi. Mudrick alianza kukunja ile karatasi yake, Hamida akamwambia, bila kunyanyua sauti, "Iache hapo mezani, mjomba."

"Katibu," akasema Mzee Idi, "pokea simu. Anza na tarehe, halafu jina."

Nikampa. Nilisimama wima, mikono nyuma, na sikutazama chini. Nyinyi mtakaonicheka, na hilo liandikeni.

Hamida akavuta kioo kwa kidole mpaka akafika.

"Tarehe kumi na saba, mwezi wa sita, elfu mbili ishirini na moja," akasoma kwa ile sauti yake ya darasani. "Umetoka kwa Abbasi."

Kwenye mkeka, mama yangu akainua kichwa.

"Abbasi yupi?" akauliza.